Barua ya wazi kwa wasimamizi wa visiwa: lifungueni gunia la oti

Waheshimiwa mnaosimamia bandari, mashamba na hifadhi za visiwani,

Salamu kwenu. Ninawaandikia kuhusu nafaka ambayo nadhani wengi wenu hamjawahi kuiitishia kikao: oti. Ndiyo hiyo hiyo ya uji, jamaa ya ngano na shayiri, chakula cha watu na cha farasi. Katika orodha za mimea ngeni ya visiwa, oti huwekewa maelezo mafupi: ililetwa, hulimwa, mara nyingine huota yenyewe kama gugu. Kisha orodha inaendelea na mmea mwingine. Naomba mrudi kwenye hayo maneno "mara nyingine". Nimekuwa nikiing'oa nafaka hii kwa miaka kadhaa, na nimeridhika kwamba hiyo "mara nyingine" tunaitengeneza sisi wenyewe.

Nianze kwa kuitendea haki. Oti ya kulimwa, ambayo wataalamu huiita Avena sativa, si mvamizi wa kutisha. Binadamu ameilea muda mrefu hata ikasahau kujitegemea. Punje zake zikiiva hazipukutiki ovyo. Hukaa kwenye suke zikimsubiri mvunaji. Zikianguka kwenye udongo wenye unyevu huota karibu zote kwa mkupuo, hazijui kulala na kungoja msimu mwingine. Mmea wenyewe huishi msimu mmoja tu. Mkiacha kuipanda na kuimwaga, sehemu nyingi itatoweka bila ya kupigwa dawa wala jembe, na kwenye joto la mabondeni katika visiwa vya tropiki haitafika hata huko. Anayewaambia kwamba oti peke yake itafunika kisiwa kizima anawatia hofu ya bure.

Shida ni kwamba haiji peke yake, na hatujaacha kuileta.

Kisiwa ninachokisimulia sitakitaja, maana jambo lenyewe laweza kutokea kwenye kisiwa chochote chenye farasi, gati na mlima. Nilikuwa miongoni mwa watu wa kujitolea waliokuwa wakipanda mlimani kung'oa magugu kando ya njia iendayo kwenye msitu wa asili. Getini, pale wapanda farasi wanapofunga wanyama wao, kulikuwa na majani mabichi yaliyosimama kwa vishada, mengine yakichomoza katikati ya mavi makavu ya farasi. Wenzangu wakasema ni ngano. Nikapiga magoti. Ukilitazama jani changa la ngano au la shayiri kwa juu, limejisokota kufuata mwendo wa mishale ya saa. La oti hujisokota kinyume chake. Tena pale jani linapoachana na shina, ngano na shayiri zina vijisikio viwili vinavyolikumbatia shina. Oti haina, ina kiwambo cheupe tu. Hii ilikuwa oti. Tukaing'oa yote, tukaitia mfukoni, tukaondoka tumeridhika.

Mwaka uliofuata ilikuwepo. Tukang'oa. Mwaka wa tatu ikawepo tena pale pale, na safari hii imepanda na njia hadi juu kidogo ya geti. Hapo nikaanza kuhangaika. Mmea usiopukutisha mbegu wala kulaza mbegu ardhini unarudije mahali ambapo hatukuuacha uzae hata mara moja? Jibu lilikuwa limeegemezwa ukutani mbele ya macho yetu: gunia la oti nzima ya kulisha farasi, likiisha linaletwa jingine. Punje zilidondoka wanyama wakila. Nyingine zilipita tumboni bila kutafunwa sawasawa zikatoka zikiwa hai, na samadi ikawa kitalu chake. Miaka mitatu tulidhani tunapambana na mmea uliojikita, kumbe tulikuwa tunapalilia shamba linalopandwa upya kila siku na mtu ambaye hajui kwamba anapanda.

Niliomba konzi mbili za oti ile, nikazimwaga juu ya karatasi nyeupe na kuzichambua punje moja moja. Nyingi zilikuwa kama zinavyopaswa kuwa: nono, laini, rangi ya majani makavu, kitako kimevunjika ovyo kama kijiti. Kisha nikakuta moja nyeusi. Ilikuwa nyembamba kidogo, ina manyoya ya kahawia, na kitakoni ina kovu la mviringo mithili ya mdomo wa samaki anayenyonya. Mgongoni ilibeba ndevu ndefu iliyopinda kama goti, na chini ya goti hilo imejisokota kama kamba. Nililowesha kidole nikaigusa. Ikaanza kuzunguka. Taratibu, bila upepo wala mkono wa mtu, ile ndevu ikajifungua na kuisukuma punje juu ya karatasi. Hivyo ndivyo inavyojichimbia: ikilowa huzunguka upande huu, ikikauka hurudi upande ule, mpaka ipate ufa wa kuingilia ardhini. Hiyo ni Avena fatua, oti-mwitu. Nilipomaliza konzi ya pili nilikuwa nazo nne.

Oti-mwitu inayo yote ambayo ndugu yake aliyelelewa shambani ameyapoteza. Hupukutisha punje mapema, kabla mvunaji hajanoa mundu. Punje zake hulala ardhini na kuamka kwa zamu, hizi mwaka huu, nyingine miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo anayeing'oa leo ameng'oa zamu moja tu. Kanada na Australia, nchi zenye mashine, wataalamu na dawa za kila namna, huihesabu miongoni mwa magugu yanayowasumbua zaidi wakulima wa nafaka, na huko imejenga usugu dhidi ya dawa zaidi ya moja. Kutoka nchi hadi nchi imesafiri zaidi kwa kujichanganya na mbegu za mazao.

Sasa tazameni kwa nini gunia la oti ndilo chombo chake kizuri kuliko magunia yote. Mkulima wa ngano anazo dawa zinazoiua oti-mwitu na kuiacha ngano imesimama. Mkulima wa oti hana. Mimea hii miwili imekaribiana mno, dawa inayoua mmoja inaua na wa pili. Kilichobaki kwake ni kuanza na mbegu safi au kuingia shambani kung'oa kwa mkono. Kwenye chekeche nako punje hulingana kwa ukubwa, hivyo nyingine hupita. Na hata ndoa zinawezekana kati yao. Zote mbili zina kromosomu 42. Oti kwa kawaida hujichavusha yenyewe, lakini chavua kidogo ikivuka, watoto wanaozaliwa huweza kuzaa. Kwa hiyo mahali ambapo oti-mwitu imeshafika, ile oti pole inayojiotea kando ya barabara yaweza kuwa mzazi wa kitu kisicho pole.

Hila hii ni ya kale. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyezunguka mabara akikusanya mbegu, alieleza kwamba oti haikuanza maisha kama zao. Ilikuwa gugu kwenye mashamba ya ngano na shayiri, ikasafirishwa humo humo pamoja na mbegu hadi nchi za baridi na mvua. Huko ngano ikadhoofika, yenyewe ikastawi, ndipo watu wakaona afadhali wailime. Kwa maneno mengine, oti ni mdandiaji aliyekuja kukatiwa tiketi akiwa ameshafika. Leo anayedandia ni ndugu yake, na anadandia ndani ya oti yenyewe.

Zile punje nne nilizitia kwenye bahasha nikazipeleka katika ofisi inayohusika na ukaguzi wa mimea. Nilipokewa kwa adabu. Nikaelezwa kwamba oti ni zao, si gugu. Na kwamba gunia lile liliingia kama chakula cha mifugo, kwa hiyo halikuwa suala la mbegu. Bahasha nikarudishiwa. Sina kinyongo na yule afisa, alifuata karatasi iliyokuwa mezani kwake. Ninayoilalamikia ni karatasi.

Mnaifahamu tathmini ya hatari ya magugu iliyobuniwa Australia katika miaka ya 1990, kisha ikarekebishwa kwa ajili ya Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki. Ina maswali 49. Swali la kwanza kabisa huuliza kama mmea umelelewa na binadamu kwa vizazi vingi hata ukabadilika, na jibu likiwa ndiyo, mmea hupunguziwa alama tatu za hatari. Ni swali la busara, maana mimea mingi ya shambani kweli haiwezi kuishi bila mkulima. Lakini papo hapo chini yake kuna mawili ambayo watu huyapita mbio: je, mmea huo umewahi kujiotea wenyewe pale unapolimwa? Je, una koo zenye tabia ya gugu? Waliotunga maswali hayo walijua kwamba kulelewa shambani si cheti cha kudumu. Kwa oti, ambayo imeshajiotea New Zealand na kwingineko, na ambayo jamaa zake wa karibu ni magugu yanayojulikana dunia nzima, haifai kusimama kwenye swali la kwanza na kufunga jalada.

Tena tathmini hiyo hupima mmea unaoombewa ruhusa ya kupandwa. Haipimi gunia la chakula cha farasi, wala marobota ya majani makavu ya kutandika zizini, wala pakiti ya mbegu za ndege, wala kile kikopo cha "nyasi za paka" ambacho mara nyingi kilichomo ni oti tu. Yote haya hupita mlango mwingine. Punje ikishafika ardhini haiulizi iliingia kwa kibali gani.

Najua mtaniuliza madhara yake ni yapi hasa, maana mna panya, mbuzi mwitu, chungu na miti vamizi inayowanyima usingizi. Vitazameni visiwa vya Channel, nje ya pwani ya California. Katika karne ya 19 viligeuzwa malisho ya kondoo na ng'ombe, na nyasi za Mediterania zikaingia pamoja na mifugo. Leo kwenye Santa Cruz, kisiwa kikubwa kuliko vingine katika kundi hilo, oti-mwitu za aina mbili, hiyo fatua na nyingine nyembamba iitwayo Avena barbata, zimetawala sehemu kubwa ya nyanda za nyasi. Kondoo waliondolewa. Nguruwe mwitu wakaondolewa. Mbweha mdogo wa kisiwa hicho, aliyekuwa amebakia wachache sana, akaongezeka hadi mwaka 2016 Marekani ikamtoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Ni kazi kubwa na iliyofanywa vizuri, nawavulia kofia waliohusika. Ila oti-mwitu bado ipo. Mnyama unaweza kumfuatilia mpaka wa mwisho. Punje iliyolala chini ya udongo katika maelfu ya hekta hakuna anayejua iko wapi.

Nyasi ya aina hii haiui kwa kishindo. Huota mapema mvua zinapoanza, ikanywa maji ya juu kabla ya mche wa asili haujatia mizizi, ikauwekea kivuli, kisha ikakauka na kubaki imesimama. Kisiwa ambacho vichaka vyake vilikuwa vimeachana, kimoja hapa kingine kule, sasa kinapata zulia kavu la kuviunganisha, na moto uliokuwa ukifa wenyewe unapata njia. Nyasi zilizochangia moto wa Maui, katika visiwa vya Hawaii, wa Agosti 2023, ulioua watu zaidi ya 100, hazikuwa oti. Zilikuwa nyasi za malisho zilizoletwa zamani kutoka nje, zikaachwa zitawale mashamba yaliyotelekezwa. Nausema moto huo kwa sababu moja tu: zile nazo ziliingizwa kama chakula cha mifugo.

Yapo na magonjwa. Oti na jamaa zake hubeba virusi vya udumavu wa manjano vinavyosambazwa na vidukari. Huko California watafiti wameonyesha kwamba oti-mwitu ikiwa karibu, maambukizi ya virusi hivyo kwenye nyasi za asili za kudumu huongezeka. Nyasi ya asili inaishi miaka mingi, kwa hiyo hukaa na ugonjwa miaka mingi. Oti-mwitu yenyewe inakufa mwisho wa msimu ikiwa imeshapukutisha mbegu.

Na oti hupenda wapi? Hupenda ubaridi na unyevu. Kwenye visiwa vya tropiki hiyo maana yake ni milimani, na milimani ndiko ilikokimbilia mimea ya asili iliyobaki baada ya mabonde kulimwa na kujengwa. Pale getini petu palikuwa na ubaridi wa kutosha kuvaa sweta. Ndiyo maana nalilia geti kuliko bandari.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko la farasi, kwa sababu hili hufanywa kwa makusudi na kwa nia njema. Mteremko ukiungua au barabara mpya ikichimbwa, hofu ya mmomonyoko huwa kubwa, na kwenye visiwa udongo ukishuka unaishia baharini juu ya matumbawe. Mtu anatafuta kitu kinachoota haraka, cha bei nafuu, ambacho kitashika udongo kisha kife. Oti inajibu sifa zote hizo. Inamwagwa mteremkoni kwa mkono, kwa mashine ya kunyunyizia au hata kutoka angani, na ndani ya wiki mbili mteremko ni kijani, picha zinapigwa. Naelewa kwa nini inapendeza. Nimesimama kwenye mteremko kama huo mwezi wa tatu baada ya mvua. Oti ilinifika kiunoni. Niliitenganisha kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta sarafu, nikaona miche ya asili chini yake, miembamba, imepauka kwa kukosa mwanga, mingine imelala. Miti ya visiwani mingi hukua polepole. Haijawahi kushindana na kitu kinachorefuka namna ile. Isitoshe, mizizi ya oti hutoa kemikali, iitwayo skopoletini, inayozuia mimea mingine kuota vizuri. Wakulima huipenda kwa sababu hiyo hiyo wanapoipanda kufunika shamba na kuzuia magugu. Mteremkoni kwetu "magugu" yaliyozuiwa ndiyo msitu tuliokuwa tukiusubiri.

Msimu wa kiangazi ile oti ikafa, kama ilivyoahidiwa. Ikabaki mabua makavu hadi kiunoni kwenye mteremko uliokwisha kuungua mara moja. Na pembezoni, palipomwagwa mbegu za gunia lililokuwa na bei ndogo zaidi, nikaona vishada vyenye ndevu zilizopinda kama goti. Hivyo havikufa na ahadi.

Sisemi mteremko uachwe wazi. Udongo ukiondoka hakuna msitu utakaorudi. Nasema kwamba mbegu ya kumwaga kwenye ardhi ya asili inastahili ukaguzi mkali kuliko mbegu ya shambani, na kwa sasa kwingi inapata mdogo zaidi, kwa kuwa huwa ni dharura na kila mtu ana haraka. Vitu vya kufunikia udongo ambavyo havina uhai vipo: vipande vya mbao, magome, nyavu za nyuzi za nazi. Mbegu za asili zinaweza kukusanywa na kuhifadhiwa kabla ya moto. Na kama hakuna njia ila oti, basi iwe mbegu iliyopimwa, imwagwe kwa kiasi kidogo, na ifyekwe kabla ya kutoa suke. Kufyeka kabla ya suke ni kazi ya siku chache, na huondoa karibu hatari yote ya oti ya kulimwa.

Vipo visiwa ambako maneno yangu haya yangekuwa makosa, na nisipovitaja nitakuwa nimewadanganya. Kaskazini na magharibi mwa Scotland, kwenye Shetland, Orkney na visiwa vya Hebridi za Nje, watu wamelima oti nyeusi, Avena strigosa, kwa vizazi na vizazi katika udongo wa mchanga na upepo ambao nafaka nyingine hazikuuweza. Huko zao hilo dogo linashikilia mambo mengi. Kwenye Hebridi za Nje, ndege kama yule mla nafaka mnene wa mashambani anayeitwa kisayansi Emberiza calandra hutegemea punje zinazobaki majira ya baridi, na wahifadhi huwahimiza wakulima waendelee kulima. Mbegu yenyewe hutunzwa na wakulima wa hapo hapo. Siombi kanuni moja ya kufunga visiwa vyote kwa kufuli moja. Naomba kila kisiwa kiulize: oti hii inafanya nini hapa, inatoka wapi, na imekuja na nani?

Mmekwisha kutoa ahadi. Katika mpango wa dunia wa kulinda bioanuwai, ule wa Kunming na Montreal wa Desemba 2022, serikali zilikubaliana kupunguza kwa angalau asilimia 50, ifikapo 2030, kasi ya spishi ngeni vamizi kuingia na kujikita, na visiwa vikatajwa kwa jina kama mahali pa kipaumbele. Mwaka uliofuata jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, likaripoti kwamba kwenye zaidi ya robo ya visiwa duniani mimea ngeni sasa ni mingi kuliko ya asili. Kuupunguza uingiaji kwa nusu hakuwezekani kwa kuwinda wavamizi maarufu pekee. Uingiaji mwingi ni wa namna hii ya kimyakimya, gunia kwa gunia, wa mimea ambayo hakuna anayeiogopa.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Oti ya kuliwa na watu haina shida: viwandani huondolewa ganda na kupikwa kwa mvuke, kwa hiyo imeshakufa na haiwezi kuota, iacheni ipite. Takeni oti ya farasi nayo iingie ikiwa imepikwa kwa mvuke na kupondwa, angalau ile inayokwenda kulishwa ndani au kando ya hifadhi. Farasi anashiba vile vile. Oti nzima ya kupandwa iingie na cheti cha usafi wa mbegu kinachotaja oti-mwitu kwa jina, na gunia moja katika kila shehena lifunguliwe na kumwagwa mezani, kwa sababu cheti nacho huandikwa na mtu. Marobota ya kutandika zizini na ya kuzuia mmomonyoko yahesabiwe kuwa mbegu mpaka itakapothibitishwa si hivyo.

Wapanda farasi wanaokwenda kwenye misitu ya asili wawalishe wanyama wao chakula kisichoota kwa siku chache kabla ya safari, na mavi yazolewe getini. Nimezungumza nao wengi. Wanaipenda milima ile kuliko mimi, na hakuna aliyewahi kunikatalia baada ya kuonyeshwa mche wa oti ukitoka kwenye mavi ya farasi wake.

Na tafadhali msitumie fedha za dawa kuiandama oti ya kulimwa yenyewe. Zibeni chanzo, ing'oeni kwa mkono getini na kwenye gati, na nguvu yote iliyobaki ielekezeni kwa oti-mwitu pale ilipo bado vishada vichache. Wafundisheni wakaguzi na walinzi wa hifadhi kutofautisha punje hizi mbili. Si somo la chuo kikuu. Linahitaji karatasi nyeupe, kidole kilicholowa na dakika kumi. Nimewafundisha watoto wa shule wakalielewa kabla ya mimi kumaliza kueleza. Ndevu ikianza kuzunguka hawabanduki.

Mwisho, badilisheni yale maelezo kwenye orodha zenu. Badala ya "mara nyingine huota kama gugu," andikeni mahali ilipoonekana, tarehe, kama ilitoa suke, na gunia lililokuwa karibu lilitoka kwa msambazaji gani. Sisi tunaong'oa tuko tayari kuwaletea taarifa hizo kila mwezi bila malipo. Tunachokosa ni mahali pa kuzipeleka ambapo hatutaambiwa kwamba oti ni zao na suala limekwisha.

Ile bahasha ninayo bado, na punje zote nne zimo. Naomba miadi na ofisi yoyote kati yenu itakayokuwa tayari kuifungua, na nitakuja na karatasi nyeupe.

Wenu katika kazi hii,
Mng'oa magugu wa kujitolea